Nilivyojifunza kuiba madau ya lazima nikiwa na karata dhaifu

Kwa muda mrefu nilicheza poka ya pesa taslimu kwa kusubiri tu. Nikipata ree na mfalme au jozi kubwa, naingia, vinginevyo natupa. Sikuwa naliwa vibaya, ila pesa zilikuwa zinachuruzika. Kwenye meza ya watu 6 yenye madau ya lazima ya 1 na 2, ambayo watu wawili huyaweka kwa zamu kabla ya kuona karata, kila mzunguko unakutoa 3 hata kama hujagusa kitu. Mizunguko 30 ya kusubiri ni 90, na mimi nilikuwa nakaa na 200. Ndipo nikaamua kujifunza kuyaiba madau hayo, yaani kupandisha dau ili wote watupe niyachukue.

Nilianza vibaya. Nilidhani wizi ni ujasiri, nikawa napandisha dau kutoka nafasi yoyote, hata watu wanne wakiwa bado hawajaamua. Tena nikifuatwa sikujua kuacha. Siku moja nilipandisha nikiwa na mfalme na 4, jirani akafuata, zikafunguliwa karata tatu za mezani na mfalme akiwemo. Nikaweka dau, akafuata. Nikaweka tena, akafuata. La mwisho nikaweka kubwa zaidi, akafuata bila kusita, akageuza mfalme na ghulamu: jozi ile ile ya wafalme, ila karata yake ya pili ilikuwa kubwa kuliko 4 yangu. Zaidi ya nusu ya pesa zangu iliishia pale. Tangu siku ile, mtu akinifuata, naona heri niwe na 8 na 7 za aina moja kuliko mfalme na 4. Hizo zikikosa najua zimekosa, na zikiunga mfululizo mwenzangu mara nyingi hashtuki. Mfalme na 4 hukupa jozi nzuri ambayo huna moyo wa kuitupa.

Kilichonituliza ni hesabu. Nikipandisha hadi 5 ili kuchukua zile 3, wenye madau ya lazima wote wawili wakitupa mara 5 kati ya 8 sijapata hasara: mara 5 nimechukua 15, mara 3 nimepoteza 15. Nikipandisha hadi 6, inabidi watupe mara 2 kati ya 3. Kwa hiyo nikabaki na 5. Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu: sehemu nyingi, mchezo ukiisha kabla ya karata za mezani kufunguliwa, mwenye meza hakati kamisheni. Zile 3 unazibeba nzima.

Siku hizi naiba zaidi nikiwa wa mwisho kabla ya wale wenye madau ya lazima, kwa sababu wakinifuata, karata zikishafunguliwa mimi ndiye naamua mwisho. Na kabla sijaangalia karata zangu nawaangalia wao. Mwenye pesa chache nampisha, maana anaweza kusukuma zote. Anayependa kufuata kila kitu nampisha pia. Huyo nasubiri karata nzuri nimlipishe. Ninayemtafuta ni yule anayetupa kimya kimya, mzunguko baada ya mzunguko.

Juzi nilikuwa na 9 na 6 za shupaza, wengine wote wameshatupa. Mwenye dau dogo alikuwa tayari ameshika karata zake kwa ncha za vidole viwili, anangoja zamu tu azirushe. Nikapandisha hadi 5. Akarusha. Mwenye dau kubwa akazifunua zake mara ya pili, akahesabu pesa taratibu, akapandisha hadi 16. Zamani ningebishana naye. Huyu hajawahi kunipandishia na karata mbovu, na mimi nilikuwa na 9. Nikatupa hapo hapo.

Mzunguko uliofuata, nafasi ile ile, nikapata 10 na 8 za aina moja. Nikapandisha hadi 5 tena, kwa mwendo ule ule wa mkono. Dogo akarusha, kubwa akanitazama kidogo, naye akatupa. Nikavuta zile 3.