Siku moja maishani mwangu: laptopu 24 na draiva iliyokataa kuingia

Saa 11:40 alfajiri

Nimeamka kabla ya alamu. Laptopu 24 mpya ziko kwenye maboksi ofisini, na kesho saa 12 asubuhi gari linaondoka nazo kwenda matawi yetu ya Sengerema na Geita. Microsoft walifunga huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na matawi hayo mawili ndiyo yaliyobaki kuhamia Windows 11. Mpaka jana jioni hakuna hata laptopu moja iliyokubali kupigwa Windows.

Saa 1:10 asubuhi

Daladala ya Buhongwa imejaa tangu kituo cha kwanza. Mama mmoja mwenye ndoo ya dagaa ananisalimia, "Mwangaluka mayu," naitikia, tunabanana. Tukifika Igogo ziwa linatokea kushoto, limetulia kabisa, na mimi bado nawaza kebo ya netiweki.

Saa 2:00 asubuhi

Kijana wetu wa mafunzo ya vitendo kanitangulia. "Shikamoo dada. Nimejaribu tena, imegoma palepale." Nawasha laptopu moja mwenyewe ili nione kwa macho yangu.

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitaeleza polepole. Laptopu inawaka kwa PXE, yaani kupitia kebo ya netiweki badala ya diski, inapokea anwani, inashusha taswira ya kuwashia kutoka kwenye seva bila shida. Windows PE, ile Windows ndogo ya kuandalia mashine, inafunguka, nembo inaonekana, kisha mashine inajizima na kuwaka upya. Kijana anauliza swali la haki: ikiwa netiweki ilifanya kazi dakika mbili zilizopita, imekufaje? Haijafa. Mwanzoni kadi ya netiweki iliendeshwa na programu iliyomo ndani ya mashine yenyewe. Windows PE ikishashika usukani, inahitaji draiva yake, yaani programu ndogo ya kuiendesha kadi hiyo. Isipokuwa nayo, kebo iliyochomekwa ni kamba tu.

Nabonyeza F8 kabla haijajizima, naandika ipconfig, amri ya kuonyesha anwani za netiweki. Haitoki anwani yoyote, wala jina la kadi. Ingetoka anwani inayoanza na 169.254 ningekwenda kukagua swichi ya netiweki na DHCP, huduma inayogawa anwani, maana hiyo ni dalili kwamba kadi inatambulika ila hakuna aliyeipa anwani. Ukimya mtupu maana yake draiva haipo.

Saa 3:30 asubuhi

Kuiingiza draiva basi. Tunatumia Configuration Manager, programu ya Microsoft ya kusimamia kompyuta nyingi kutoka kwenye seva. Nimefungua kifurushi cha mtengenezaji mpaka nikapata faili la .inf, lenye maelezo ya draiva, nikaliweka kwenye folda ya pamoja, njia nikaiandika kwa mtindo wa \\seva\folda kama inavyotakiwa. Mwishoni linarudi jibu lilelile la jana: draiva hii haifai kwa mfumo wowote unaokubalika.

Wiki iliyopita sentensi hiyo ilitufanya tushushe kifurushi kilekile mara tatu, tukidhani kimeharibika njiani. Bando limekwenda bure, na naumia kwa sababu jibu lilikuwa kwenye seva muda wote, ndani ya faili la DriverCatalog.log. Nalifungua leo na kushuka hadi chini: 0x80070661. Kwa lugha ya Windows, namba hiyo inasema kifurushi hakikubaliwi na aina hii ya prosesa.

"Dada, labda tumeshusha ya ARM," anasema kijana, akimaanisha aina nyingine ya prosesa. Amewaza vizuri. Tunalifungua .inf kwa Notepad, tunatafuta sehemu ya Manufacturer, na mstari uko hapo: NTamd64.10.0...22000. Amd64 ndiyo prosesa yetu hasa. Namba ya mwisho, 22000, ni ya toleo la kwanza la Windows 11.

Nikautazama mstari ule kwa muda mrefu. Mtindo huo wa kuweka namba ya toleo mwishoni ulikuja na Windows 10 ya mwaka 2016, ile 1607. Seva yetu ni Windows Server 2012 R2, ya mwaka 2013. Inasoma maandishi yaliyobuniwa baada yake, haielewi, inahitimisha kwamba draiva si ya mashine yoyote. Nikaipa draiva ya zamani ya kadi nyingine, yenye NTamd64 pekee bila namba nyuma. Ikaingia mara moja. Tukatazamana na kijana tukacheka kwa furaha.

Saa 5:15 asubuhi

Anapendekeza tufute hizo namba kwenye .inf. Namkatalia, na namweleza kwa nini. Faili la .cat linabeba sahihi ya mtengenezaji juu ya .inf hiyohiyo. Ukigusa herufi moja sahihi inavunjika, na Windows ya biti 64 itaikataa draiva huko mbele. Tena, laptopu za watu wanaoshika fedha za wateja haziwekewi kitu kilichochezewa.

Tunaikwepa seva. Kwenye kompyuta yangu yenye Windows 11 naifungua boot.wim, ile taswira ya kuwashia, kwa DISM, zana ya Windows ya kurekebisha taswira, naongeza draiva ya netiweki kwa /Add-Driver, nafunga kwa /Commit. Ukisahau hiyo Commit, kazi yote haihifadhiwi. Kisha naisambaza upya. Draiva zilizobaki naziweka kwenye kifurushi cha kawaida, na katika mtiririko wa kazi naongeza hatua ya DISM yenye /Recurse, ili Windows ikishamwagwa kwenye diski zichukuliwe zote bila kupita kwenye orodha ya seva.

Saa 7:20 mchana

Sato wa kukaanga na ugali kwa mama ntilie. Umeme unakatika nikiwa bado na mfupa mkononi. Narudi mbio. UPS imeishikilia seva mpaka jenereta lilipowaka.

Saa 9:00 alasiri

Netiweki imekubali! Lakini sasa haioni diski. Hili nalijua: prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina kitu kinaitwa VMD, na kikiwa kimewashwa diski hujificha mpaka uweke draiva yake. Narudi kwenye boot.wim, dakika ishirini nyingine.

Saa 10:10 alasiri

Laptopu ya kwanza imefika kwenye ukurasa wa kuingia. Wi-Fi ipo, sauti ipo, Device Manager haina alama hata moja ya njano. Tunapanga nyingine mezani sita sita, kwa kadiri swichi ilivyo na nafasi.

Saa 1:30 usiku

Wakati kundi la mwisho linamalizia, naandika barua ya kuomba seva mpya. Ile ya sasa iliacha kuhudumiwa tarehe 10 Oktoba 2023, na maombi mawili yaliyotangulia yalirudi na swali la "ina tatizo gani?" Safari hii nimeambatisha mistari ya logi yenye ile namba, na chini yake mstari wa .inf, nikaeleza kila kipande kwa Kiswahili cha kawaida ili mhasibu naye aelewe.

Dereva wa gari anapiga simu. Anataka kuwahi kuvuka daraja la Kigongo–Busisi kabla jua halijawa kali. Siku za kivuko tungekuwa tunapanga muda wa foleni. Sasa ni kilomita 3 za lami juu ya maji.

"Dada, nije saa ngapi kupakia?"

"Saa kumi na moja na nusu, kaka. Zipo zote 24."