Warfarini, sukuma wiki na dawa za chemisti

Ukiandikiwa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu damu imeganda mguuni au kwenye mapafu, ushauri utakaoupata bure Soko la Kibuye ni kuacha mboga za kijani. Usiache. Warfarini hupingana na vitamini K, na sukuma wiki, managu, saga na kunde zina vitamini K tele, kwa hiyo dozi hupangwa kulingana na chakula chako cha kawaida. Shida ni kubadilisha ghafla. Kiangazi ule omena na ugali mtupu, INR itapanda: hicho ni kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, na kikipanda sana unaweza kutokwa damu. Mvua ikija, managu ijae shambani na uifululize kila siku, INR itashuka na damu inaweza kuganda tena.

Kwa wengi walioganda damu mguuni au mapafuni, INR inatakiwa iwe kati ya 2 na 3. Wenye vali bandia za moyo huweza kuwekewa lengo la juu zaidi. Kila ukipimwa, andika kwenye daftari tarehe, namba, na dozi kwa miligramu. "Nusu kidonge" haitoshi: kuna vya miligramu 1 na vya 5, na rangi hutofautiana kati ya watengenezaji. Dozi mpya huchukua siku kadhaa kuonyesha nguvu yake yote. Ndiyo maana mgonjwa anayeanza hudungwa heparini, ambayo huzuia damu kuganda mara moja, pamoja na vidonge kwa angalau siku 5, hadi INR ifike 2 na kutulia. Ukisimamishiwa sindano mapema, uliza sababu, na uulize INR ya siku hiyo ni ngapi.

Kwenye chemisti ndiko mambo huharibika zaidi. Antibayotiki kama Flagyl na Septrin, na flukonazoli ya fangasi, hupandisha INR. Rifampisini ya TB huishusha sana. Anayemeza Septrin kila siku miaka nenda miaka rudi dozi yake ya warfarini imeshapangwa pamoja nayo, na siku akiiacha INR inaweza kushuka. Ukiumwa mgongo, kataa ile sindano ya diklofenaki ya makalioni inayotolewa kama peremende: dawa yenyewe huongeza hatari ya kutokwa damu, na sindano ya msuli huweza kuacha uvimbe wa damu. Omba parasetamoli, kwa kiasi. Kabla hujalipa, sema: "Natumia warfarini. Hii itasogeza INR yangu? Nipime lini?" Kwa antibayotiki, siku 3 hadi 5 baada ya kuanza ni wakati mzuri wa kupima.

Mwanamke anayepanga mimba azungumze na daktari kabla, kwani warfarini hudhuru mtoto, hasa miezi ya kwanza.

Choo cheusi kama lami, pumzi kukatika ghafla, au kugonga kichwa, hata usipoona damu: nenda hospitali saa hiyo hiyo, daftari mkononi, na utaje warfarini kabla hujaulizwa jina.