Sanamu ya Askari, Posta
Wiki iliyopita nilisimama na mpwa wangu, aliyetoka Songea, kwenye makutano ya Mtaa wa Samora na Maktaba, nikamsimulia habari za Sanamu ya Askari, ambayo wengi wetu jijini Dar es Salaam tunaitumia kuelekezana njia tu. Mahali hapo mwaka 1909 Wajerumani walisimika sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda wao, yule aliyemnyonga Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, kule Pangani, na chini ya miguu yake wakaweka askari Mwafrika anayemtazama kwa unyenyekevu. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walimng'oa, naye akaishia Hamburg, ambako wanafunzi walimwangusha mwaka 1968. Askari huyu wa shaba, aliyechongwa na James Alexander Stevenson na kuzinduliwa mwaka 1927, yuko juu peke yake, ameinama kidogo, singe ya bunduki yake ikielekea bandarini. Nairobi, kwenye kumbukumbu kama hii, mpagazi naye ana sanamu yake. Wapagazi walikufa kwa maelfu katika vita vile, nami naamini kwa dhati kwamba hata hapa Posta walistahili mwenzao asimame pembeni ya askari.