Kazi Imekamilika

Barua ya kampuni ya msaada wa barabarani ilikuwa fupi na ya adabu. Ilisema usiku ule fundi wao alifika, akaliwasha gari langu, na saa nne na dakika kumi kazi ikafungwa ikiwa "imekamilika". Kwa hiyo dai langu la kurudishiwa gharama za kukokotwa halikuwa na msingi. Nilicheka kwanza. Hasira zilikuja baadaye, nilipokumbuka kwamba saa nne na dakika kumi gari hilo lilikuwa kando ya barabara kuu, boneti juu, na mama yangu mzazi amekalia tairi la spea nyuma ya ukingo wa chuma, amejifunika koti langu mpaka masikioni.

Tulikuwa tunarudi kutoka kumjulia hali mama mkubwa. Giza lilikuwa limeshaingia. Taa nyekundu ya betri iliwaka kwenye dashibodi, na kabla sijamaliza kujiuliza kulikoni, usukani ukawa mzito, halafu mshale wa joto ukaanza kupanda. Dalili hizo tatu zikija kwa pamoja hazihitaji ramli. Kwenye gari kama langu mkanda mmoja ndio unaozungusha altaneta inayochaji betri, pampu ya usukani na pampu ya maji inayopoza injini; ukikatika, vyote vitatu vinasimama kwa mpigo. Niliwasha hazadi, nikatoka pembeni, nikazima injini kabla haijachemka. Nilipofungua boneti na kumulika kwa simu, mkanda haukuwa mahali pake. Zilibaki nyuzi nyeusi zilizojiviringisha kwenye puli ya altaneta, nyembamba na ngumu, na kipande cha mpira cha urefu wa kiganja kimenasa chini karibu na feni. Nilikichomoa. Kilikuwa bado cha moto. Nikakitia mfukoni bila sababu yoyote ya maana, na baadaye kikawa kielelezo.

Huduma ya msaada wa barabarani nilikuwa nailipia kila mwaka pamoja na bima, na sikuwahi kuitumia. Nikapiga namba iliyo nyuma ya kadi.

"Pole sana kaka," alisema dada aliyepokea. "Gari linawaka?"

"Dada, mkanda umekatika. Hata likiwaka haliendi popote, litachemka. Naomba gari la kubeba. Na hili langu ni otomatiki, lisije likavutwa kwa kamba."

"Sawa kaka. Taa ya betri imewaka?"

"Imewaka, lakini tatizo ni..."

"Sawa, nimeshaandika. Ndani ya saa moja atakuwa hapo."

Lile la otomatiki sikulisema kwa kujidai. Giaboksi ya aina hiyo hulainishwa na pampu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezima huku magurudumu yanayoendesha yakiburuzwa barabarani, vyuma ndani vinasagana vikavu, na umetoka kwenye kubadilisha mkanda umeingia kwenye kununua giaboksi.

Nilimtoa Mama ndani ya gari. Hakutaka, kulikuwa na baridi, lakini gari lililosimama kando ya barabara ya kasi usiku si mahali pa kumkalisha mtu. Wanaogongwa wakiwa wamekaa wakisubiri msaada si wachache. Nikavuta spea kutoka kwenye buti, nikailaza nyuma ya ukingo, akakaa. Malori yalipopita, upepo wake ulitikisa gari zima.

Saa moja ikapita, ikafuata nyingine. Kila nilipopiga niliambiwa fundi yuko njiani.

"Hivi hawa watu wako," Mama aliuliza, "unawalipa?"

"Kila mwaka, Mama."

"Hata mwaka ambao gari halikuharibika?"

"Hata huo."

Akafikiri kidogo. "Basi haraka ya nini."

Aliyekuja hatimaye alikuja na gari dogo, tena peke yake. Kijana mpole, nguo zimejaa oili, mkononi ana buster, ile betri ya kubeba ya kuwashia gari, na kipima volti. "Shikamoo mama," alisema. Mama akaitikia marahaba, kisha akauliza gari la kubeba liko wapi. Kijana akanitazama mimi.

"Mimi nimetumwa betri, kaka."

Nikamwonyesha kile kipande cha mpira. Akamulika puli, akazigusa zile nyuzi, akatikisa kichwa. Lakini alikuwa ametumwa betri, na mtu aliyetumwa betri hupima betri. Kipimo kilisoma volti 11 na nukta. Akachomeka buster, injini ikawaka, akaichomoa na kupima tena: 12 na kidogo, na namba ikawa inashuka tukiitazama. Altaneta ikizunguka unategemea kuona kwenye 14 hivi. Nikapiga picha, kipimo na mpira katika fremu moja. Mshale wa joto ulipoanza kupanda akazima mwenyewe.

"Hili ni la kukokotwa kabisa," alisema.

"Ndivyo nilivyowaambia."

Kisha akatoa kishikwambi chake, na hapo ndipo nilipoelewa ugonjwa ulipo. Yeye hakuwa mwajiriwa wa kampuni, alikuwa kibarua wa mkandarasi wa mkandarasi, analipwa kwa kila kazi anayoifunga. Kwenye skrini kulikuwa na vitufe viwili vinavyobonyezeka: "Gari limewashwa" na "Mteja hakupatikana". Cha tatu, cha kuomba kukokotwa, kilikuwa cha kijivu. Kilihitaji namba ya kibali kutoka ofisini, na ofisi haikupokea simu yake. Alipiga mbele yangu. Nilisikia muziki wa kusubirisha ukilia, ukaisha, ukaanza upya.

"Kaka, mimi nisipofunga hii siendi kwa mteja mwingine. Limewaka kweli, si limewaka? Nisainie tu hapa, kwa kidole."

Mama alisema kwa sauti kutoka nyuma ya ukingo: "Usisaini."

Ugomvi wangu haukuwa na yule kijana. Hata leo simlaumu. Nikachukua kishikwambi, na kwenye kisanduku cha sahihi nikaandika kwa kidole, herufi kubwa zilizopindapinda: HALITEMBEI. Nikadhani mfumo utakataa. Skrini ikawa ya kijani, ikaandika asante. Kijana akanitazama, nami nikamtazama, tukacheka wote wawili. Kabla hajaondoka alininong'oneza namba ya mzee mmoja mwenye gari la kubeba.

Lakini nilitaka kwanza kuwapa kampuni nafasi nyingine. Safari hii akapokea mwanamume.

"Kaka, kwenye mfumo hapa umeshahudumiwa. Gari limewashwa."

"Limewashwa, halitembei. Mkanda hakuna. Nitumieni gari la kubeba."

"Tatizo ni kwamba kwa mujibu wa vigezo na masharti, hitilafu ileile ndani ya siku 28 haihudumiwi mara ya pili."

"Kwa hiyo mnasema imetengenezwa, na hapo hapo mnasema ni ileile?"

"Ndivyo mfumo unavyoonyesha, kaka."

Nikampigia mzee. Alifika mapema kuliko alivyoahidi, akauliza maswali mawili tu: ni otomatiki, na magurudumu gani yanaendesha. Akainamisha sitaha ya gari lake, akafunga ndoano, winchi ikalivuta gari langu juu polepole bila gurudumu hata moja kuburuzwa. Ernest Holmes, fundi wa Chattanooga kule Tennessee, alitengeneza gari la kwanza la kukokotea mwaka 1916. Kazi yenyewe ina zaidi ya karne na watu wanaijua. Kilichonishinda usiku ule kilikuwa kitufe cha kijivu. Mzee alimpandisha Mama mbele penye joto, akaniandikia risiti yenye saa juu yake. Saa tano na nusu.

Kesho yake fundi wangu alikuta beringi ya tenshena, ile puli inayokaza mkanda, imekwama, ndiyo iliyoula mkanda. Akaweka vyote viwili vipya, gari likapona.

Mimi ndiye sikupona. Niliwaandikia kampuni nikaambatisha risiti, na wakajibu kwa ile barua ya kazi iliyokamilika. Nikajibu. Barua yao ya pili haikuzungumzia tena kukamilika. Sasa kosa langu lilikuwa kutumia mtoa huduma wa nje bila kibali chao cha maandishi. Nikauliza kibali hicho ningekiombaje kwa mtu aliyekwisha kuniambia sina haki ya huduma. Barua ya tatu ikageuka tena: mkanda kukatika ni dalili ya gari kutotunzwa, na magari yasiyotunzwa hayamo kwenye huduma. Nikazipanga barua tatu mezani. Kama gari liliwashwa likapona, mkanda unahusianaje? Kama mkanda ndio uliokatika, mbona mliniletea mtu wa betri? Sababu tatu hizo hazikuwa zinaongeleshana. Aliyeandika moja hakuwa amesoma nyingine, na nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyefungua jalada lote.

Kwa hiyo niliacha kubishana na barua, nikaomba jalada. Nilikuwa nimesoma jinsi wengine wanavyolindwa. Uingereza, kampuni inayotoa huduma hii kama bima ina wiki 8 za kutoa jibu lake la mwisho kwa mlalamikaji. Zikipita, au jibu lisiporidhisha, unapeleka kesi yako kwa Financial Ombudsman Service, chombo huru cha kusuluhisha malalamiko ya wateja wa huduma za fedha, bila kulipa chochote. Na sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika Mei 2018, inampa mtu haki ya kupata nakala ya taarifa zake zilizohifadhiwa na kampuni, rekodi za simu zikiwamo. Sheria ya kwetu nayo ilikuwa na kifungu cha namna hiyo. Nikakinukuu kwa namba yake, nikaomba rekodi za simu zote za usiku ule na fomu ya kazi pamoja na sahihi. Wale waliokuwa wakijibu barua kwa siku chache walinyamaza muda mrefu. Kisha faili likaja kwa barua pepe, bila maelezo.

Rekodi ya kwanza ilikuwa na sauti yangu ikisema mkanda umekatika, waziwazi, na gari la kubeba likiombwa. Chini yake, kwenye kumbukumbu ya mhudumu, neno moja: betri. Swali lake la mwisho ndilo lililoandikwa. Nafikiri alikuwa na orodha ya kuchagua, na katika orodha hiyo taa ya betri ilikuwapo, mkanda haukuwapo.

Fomu ya kazi ilikuwa kurasa mbili. Kwenye ukurasa wa pili, juu ya mstari uliosema "Mteja amethibitisha kwamba ameridhika na huduma", ndani ya kisanduku cha sahihi, lilikaa lile neno langu lililopinda: HALITEMBEI. Ndicho kielelezo walichokuwa wakikitegemea tangu barua ya kwanza. Walikihifadhi, wakakipa namba, wakakitaja mara mbili, na hakuna aliyekitazama.

Nilimpigia Mama nikamsomea. Alicheka mpaka akakohoa. "Si nilikwambia usisaini," alisema. Nikamwambia sikusaini. "Ndiyo maana," akasema.

Niliwarudishia ukurasa ule ule wa pili, pamoja na picha ya kipimo na mpira, na barua ya fundi kuhusu beringi. Sikuandika maelezo marefu. Safari hii hawakujibu kwa barua, alinipigia meneja. Mtu mstaarabu, aliyesema pole mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Gharama za mzee wangu wa usiku watazirudisha zote. Teksi ya kutufikisha nyumbani, hapana, na siku ya kazi niliyoikosa, hapana: hasara zinazofuatia tukio hazimo kwenye mkataba. Hapo alikuwa na haki kimaandishi, kifungu kipo, nilikuwa nimekisoma. Akaniongezea zawadi ya mwaka mzima wa huduma bure. Hiyo nikaikataa, na nadhani ilimshangaza kuliko yote.

"Sawa kaka, nakuelewa. Sasa naomba nilifunge hili lalamiko. Nakutumia kiungo kwenye simu, utasaini kwa kidole kwamba umeridhika."

"Kuna chaguo gani jingine?"

Nikasikia akibonyeza. "Kuna 'Limetatuliwa kwa kuridhika'," alisema polepole, "na kuna 'Mteja hakupatikana'."

Tulinyamaza wote wawili. Kiungo kikaingia. Ndani ya kisanduku nikaandika FEDHA ZA KUKOKOTA TU, nikamwambia mara hii asome kabla hajafunga. Alisema ameisoma. Skrini ikawa ya kijani, ikaandika asante.