Chanuo la Mpingo

Tulitoka Mtwara alfajiri, tukapita Nanyamba na Tandahimba katikati ya mikorosho isiyokwisha. Mkobani nilibeba picha ya bibi mzaa mama. Usoni ana chale, mistari inayopanda na kushuka kama mawimbi kutoka kwenye paji hadi mashavuni, na mdomo wa juu una tundu la ndonya, pambo la mdomoni. Chale hizo ndizo nembo. Leo ukisema nembo, mtu anafikiria benki au timu ya mpira. Ya bibi ilichanjwa kwa kisu, ikasuguliwa unga wa mkaa ili ibaki nyeusi.

Newala imekaa ukingoni mwa Uwanda wa Makonde. Pale Shimo la Mungu ardhi inakatika ghafla, na mbali huko chini unaliona bonde la Ruvuma. Ng'ambo ni Msumbiji, alikozaliwa bibi. Nilisimama pale mpaka jua likanichoma shingo.

Mchongaji niliyeelekezwa nilimkuta chini ya mwembe, gogo la mpingo amelibana kwa nyayo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

Nikampa picha. Akaweka tezo chini, akaifuata mistari kwa ukucha, polepole, kama anayesoma barua. "Huyu wa ng'ambo," akasema. "Kama mama yangu."

Nilitaka sanamu ya bibi. Akakataa. "Sura yake siijui, nitakudanganya. Mistari hii naijua."

Basi akanichongea chanuo. Mpingo kwa nje ni wa rangi hafifu. Tezo ikishaumenya, weusi wa ndani unajitokeza, na kila pigo linalia kama chuma. Siku ya pili akashika patasi, mawimbi ya bibi yakaanza kutokea kwenye mpini. Jamani, nililia. Mama hakuchanjwa, wala mimi. Nilidhani mistari ile tuliizika pamoja na bibi.

Nyuma ya mpini akaweka alama yake mwenyewe, vistari viwili na nukta, ile anayoiweka kwenye kila kazi yake. Kisha akanigeukia: "Na yako?"

Sikuwa na jibu. Akanipa patasi. Chini ya wimbi la mwisho nikakata mstari mmoja mfupi, mkono ukitetemeka, ukaenda upande. Nikamwomba aunyooshe.

"Huo si wangu," akasema, akanirudishia chanuo.