Jumamosi ya kai-skweya bila stima

Ukitaka kujua kama mtu amesomea chuo hapa kwetu Kenya muulize tasnifu yake ilihoji watu wangapi. Wengi watakwambia 384. Hata mimi ungeniamsha saa nane usiku ningekutajia fomula ya idadi ya watu wa kuhoji, 1.96 kipeo cha pili mara 0.5 mara 0.5 gawanya kwa 0.05 kipeo cha pili, inatoka 384 na pointi, nilikuwa nimekremu hio kitu yote, nikapita mtihani, na nilipotoka kwa chumba cha mtihani sikuwa na habari inanisaidia na nini. Nilienda kusomea mawasiliano juu nilikuwa nakimbia hesabu, sasa hesabu ikanifuata mpaka Kisumu.

Hii ni 2014, niko atachmenti kwa ofisi ndogo ya matangazo na PR, yaani mahusiano ya umma, orofa ya juu kabisa karibu na Oginga Odinga Street, na chini yetu kuna duka la simu linapiga mziki kutoka asubuhi. Kitu cha kwanza nilipewa cha kufanyia kazi ni rula. Ndio, rula. Unachukua gazeti, unatafuta habari yoyote iliyomtaja klayenti, unapima urefu na upana kwa sentimita, unazidisha na bei ya kuweka tangazo la ukubwa huo, kisha unamwandikia kwamba mwezi huu tumekupatia habari za shilingi kadhaa na wewe hukulipa gazeti hata ndururu. Klayenti anafurahi sana. Kama habari yenyewe ilikuwa inamsifu au inamponda hio haikuwa shida ya mtu, sentimita ni sentimita. Baadaye ndio nilikuja kusoma kwamba 2010 watu wa kupima mambo ya PR walikutana Barcelona wakaandika kanuni saba, na moja inasema wazi kabisa kwamba hio hesabu ya kulinganisha na bei ya tangazo sio thamani ya PR. Lakini Barcelona ni mbali bana.

Aliyeninyang'anya rula ni Madam. Alikuwa amestaafu kazi ya takwimu serikalini na boss alikuwa anamwita kukiwa na kazi nzito, anakuja na tuktuk kutoka Mamboleo, sweta mwilini hata jua likiwaka vipi, kalkuleta ya Casio ndani ya mkoba imefungwa na raba. Sisi tulimwita Madam tu, na yeye aliniita nyathina, yaani mwanangu kwa Dholuo, hata siku ile ningefanya kitu cha kumkasirisha.

Kazi iliyomleta ilikuwa ya kampuni moja ya sabuni ya kufulia. Walikuwa wamelipia tangazo kwa redio ya Dholuo kwa miezi kadhaa, sasa wanataka kujua kama pesa ilienda bure. Dodoso alitunga yeye, na katikati ya orodha ya sabuni za kuuliza watu akaweka sabuni ambayo haiko duniani. Jina alilitoa kichwani. "Umewahi kusikia tangazo la sabuni hii kwa redio?" Sisi tuliotumwa kuuliza tulidhani anatutania. Jumapili nikaenda nalo soko la Kibuye, na wewe unajua Kibuye Jumapili vile inakuwa, unauliza swali moja mara tatu juu ya kelele na wenye mikokoteni wanakusukuma. Basi kuna mama wa kuuza omena, nilipofika hapo kwa sabuni hewa akaniambia eeh naijua hio, halafu akaniimbia na kawimbo kake. Akaimba mpaka mwisho! Nikaandika "ndiyo" na nikaendelea, ningefanya nini.

Jumamosi iliyofuata ndio nataka kusimulia. Kupeleka ripoti ilikuwa Jumatatu, dodoso zote zimeingizwa kwa SPSS, ile programu ya takwimu, mimi nangoja tu kuona mtu akibonyeza kitufe jedwali litoke, stima ikapotea. Laptopu ya ofisi betri ilikuwa imekufa kitambo, ilikuwa inaishi kwa waya. Boss akashika kichwa. Madam hata hakusimama, akaniambia nyathina leta manila na felt peni, hii hesabu ilikuwa inapigwa kabla babako azaliwe. Hesabu yenyewe ni kai-skweya, ya kupima kama vitu viwili vina uhusiano, na kwa kweli ilikuwa kabla hata ya babu, Mwingereza wa takwimu Karl Pearson aliitoa mwaka wa 1900, reli ilikuwa haijafika hapa Kisumu.

Namba za klayenti zilikuwa zimefungiwa kwa laptopu kwa hivo akatunga zake za kunifundishia, na hizo ndio naweza kuandika hapa. Tuseme watu 200. Waliosikia tangazo 110, na kati yao 66 wanatumia sabuni. Wasiosikia 90, wanaotumia 36. Chora. Nikachora. Hio ni asilimia 60 huku na 40 huku, boss akiwa nyuma yangu nikasikia ameanza kupumua vizuri.

"Sasa tuseme tangazo na sabuni havijuani kabisa," Madam akasema, "hapa kwa waliosikia na wanatumia tungetarajia watu wangapi?"

Nikanyamaza. Akaniambia wote wanaotumia ni 102 kati ya 200, waliosikia ni 110, zidisha gawanya. 56.1. Nikamuuliza hio pointi moja ni mtu gani Madam, akaniambia huyo ni wewe, endelea. Tofauti ya 66 na 56.1 ni 9.9, na ukifanya vyumba vyote vinne unapata hio hio 9.9, mbili zinaongeza na mbili zinapunguza, ndio maana unaipiga kipeo cha pili isije ikajifuta. 98.01. Gawanya kwa kila tarajio, 56.1, 53.9, 45.9, 44.1, jumlisha, 7.92. Mpaka wa jedwali la mbili kwa mbili ni 3.84, kumaanisha kama kweli hakuna uhusiano wowote, kuvuka hapo kwa bahati tu kunatokea kama mara tano kwa mia. Sisi tuko 7.92, hio ni chini ya mara moja kwa mia.

Sijui niseme aje, lakini hapo kwa manila, jasho linatiririka juu feni imekufa, ndio mara ya kwanza nilielewa kwamba kai-skweya inauliza tu swali moja: hizi namba ziko mbali kiasi gani na zile tungepata kama hakungekuwa na kitu. Chuo nilikuwa nimeonyeshwa fomula na yule herufi wa Kigiriki, basi.

Boss akapiga makofi. Tangazo limefanya kazi! Madam akafunga felt peni.

"Mkubwa, wewe uliponunua ile Probox, si ulianza kuona Probox kila mahali?"

Boss akacheka, akakubali.

"Ni Probox ziliongezeka Kisumu?"

Sasa hapo ndio kulikuwa na kimya. Akaeleza polepole, mwenye sabuni kwa karai ndio masikio yake yanashika tangazo la sabuni hio, yule hana linampita. Kwa hivo 60 kwa 40 inaweza kuwa tangazo lilileta wanunuzi, na inaweza kuwa wanunuzi ndio waliosikia tangazo, na kai-skweya itakupa 7.92 ile ile, haijui nani alitangulia. Akatuambia kuna Mmarekani mkubwa wa matangazo, Rosser Reeves, yule alitengeneza matangazo ya TV ya Eisenhower 1952, na yeye mwaka wa 1961 aliandika hesabu hii hii, chukua wanaokumbuka tangazo, linganisha na wasiokumbuka, tofauti ya watumiaji ndio nguvu ya tangazo, na watu wa utafiti wamekuwa wakimkosoa tangu hapo. Boss hakutaka kusikia Eisenhower, alitaka kujua Jumatatu anasema nini.

Dawa yenyewe Madam akasema ni ya mapema. Unauliza kabla tangazo halijaanza, unauliza tena likiisha, na unauliza hivo hivo mahali halikufika, tuseme redio haisikizwi sana huko. Kisumu ikipanda kutoka 45 hadi 51 na mji mwingine ukipanda 44 hadi 49 bila tangazo, basi umelipia pointi moja, na kwa watu 200 kosa la sampuli, yaani vile jibu linaweza kukosea juu umeuliza watu wachache tu, ni karibu pointi saba juu na chini, kwa hivo hio pointi moja hata usiitaje. Ukitaka kosa la tano ndio unaenda 384, na ukitaka kulikata nusu lifike mbili na nusu unahitaji 1,537, mara nne. Mimi nikakaa pale nikiangalia 384 yangu ikitembea kwa manila kama kitu kiko na sababu.

Stima ilirudi jioni. Jumatatu boss akaanza na asilimia kubwa kubwa za kufurahisha, hio sikushangaa, lakini namshukuru alimwachia Madam nafasi, na Madam akaonyesha ni wangapi walidai wanajua sabuni ambayo haipo. Walikuwa wengi kuliko vile mtu angependa. Klayenti akakodolea macho ukurasa, akauliza kampuni gani inaitengeneza.

Walikubali kulipia utafiti wa kabla na baada kwa tangazo lililofuata, miji miwili, ila bajeti ikakatwa hadi watu 200 kila mji. Madam alinuna wiki nzima juu ya hio 200. Mimi nikapangiwa Busia, na kwa begi nilikuwa na dodoso na sabuni nyingine hewa, jina safari hii alinipa nilitunge mimi.