Masasisho yalikuwa yanakula intaneti yangu yote

Jana usiku nilikuwa natuma faili la kazi, likaganda kwenye asilimia 12. Nikazima modemu, nikawasha tena, wapi! Nilipofungua orodha ya programu zinazotumia mtandao ndipo nikamkamata mwizi: kompyuta ilikuwa inajishushia sasisho kimyakimya.

Hebu piga hesabu. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde, gigabaiti 1 inachukua zaidi ya saa 2, tena ukiwa hugusi kitu kingine chochote.

Sikuyazima masasisho kabisa, na nawasihi msiyazime, maana mengi yanaziba mianya ya usalama. Nilichofanya ni kuingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi na kuuweka mtandao wangu kuwa wa kupimwa, yaani ule unaolipiwa kwa kiasi unachotumia. Hapo kompyuta ikaacha kushusha mizigo mizito bila ruhusa. Kwenye simu nimezuia programu zisijisasishe zenyewe. Sasa nikienda kulala ndipo nabonyeza “sasisha”, naiacha kwenye chaji.

Leo asubuhi faili limeondoka kwa dakika 4. Nimefurahi mno!